Matimba Niliyoyaombea Bila Kuyagonga

Hakuna kitu kinachoweza kunishtua mimi. Nawaambia nyie vijana mnaoshika msumeno sasa hivi kwenye maduara ya dhahabu ya huku Geita, mnaojiita mafundi kwa sababu mmeshafika mita thelathini: mimi nimefanya matimba, zile mbao za kuzuia mgodi usishuke, miaka kumi na sita. Nimeona nyoka akimdondokea mtu kichwani akiwa amening'inia kwenye kamba. Nimeona ukuta ukifungua maji kama mtu amefungua bomba. Nimeona mtu akitolewa kwenye kifusi, na neno lake la kwanza likawa kuomba sigara. Nilisoma Mhunze hadi darasa la nne, la tano sikulimaliza, na seti zangu za matimba zilikuwa zimesimama wakati za wenye vyeti zimeshageuka mashimo ya kutumbukia mbuzi. Kwa hiyo nikiandika hapa kwamba niliogopa, mjue anayeandika siyo mtu wa kuogopa ovyo.

Nimeacha kazi mwezi uliopita kwa sababu mgongo umekataa kuinama. Nilipata kiasi gani na nani alinipandisha, hayo siandiki, yameshaliwa. Naandika kazi, na naandika habari za Mungu, maana chini kule hivi vitu viwili havikai mbalimbali, na mimi nilivichanganya vibaya.

Nilitoka kwetu na shoka moja na baiskeli isiyo na breki. Pamba ilikuwa imenishinda miaka miwili mfululizo. Nikaelekezwa kwa Mzee Simeoni, Msumbwa wa Runzewe, mrefu, mkavu, mzee wa kanisa, ambaye kila mwenye duara alimtaka kwa kazi ya matimba. Nilimkuta anachonga kabari.

"Shikamoo mzee. Nasikia unatafuta mtu wa msumeno."

"Marahaba. Wewe unaogopa?"

"Mimi? Siogopi kitu."

"Basi rudi kwenu ukapalilie. Kesho kama umeogopa kidogo, uje."

Nikarudi kesho yake nikadanganya kwamba naogopa. Tulipofika mita ya kumi na tano, ule uongo ukawa kweli, na mzee akaniangalia usoni akasema, "Vizuri. Sasa tufanye kazi."

Kwa ambaye hajashuka nieleze kidogo. Duara linachimbwa wima, halafu ukikuta mwamba wenye dhahabu unaufuata kwa kulala, kama panya anavyofuata ukuta. Hapo ndipo fundi matimba anapoitwa. Seti moja ni nguzo mbili na boriti moja juu, na kabari za kukazia. Ukiweka seti kila baada ya hatua moja, wachimbaji wanatembea chini ya mbao badala ya kutembea chini ya mlima. Huko juu wanahesabu nani kapata gramu ngapi. Hakuna anayemhesabu fundi matimba mpaka siku ambayo kitu kimeshuka.

Kazi yenyewe Mzee Simeoni alinifundisha kwa nyundo. Kila mti anaoleta muuzaji unaugonga kabla haujashuka, na ukishausimamisha unaugonga tena, na kila asubuhi kabla watu hawajaingia unapita ukigonga seti zote, moja moja, nguzo, nguzo, boriti. Mti mzima unaitika kwa sauti kali. Mti ulioliwa na mdudu kwa ndani unatoa sauti ya gunia la pumba. Kwa macho yote ni mamoja, hata ganda linang'aa. Mzee aligonga akiwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, na ukiongea wakati huo anakupiga na kipande cha fito.

Jambo moja lilinisumbua kwake. Mafundi wengine waliomba kwenye mdomo wa duara kabla ya kushuka, kwa sauti, kofia mkononi. Yeye, mzee wa kanisa, alishuka kimya kama anakwenda chooni. Nikamuuliza.

"Naomba nikiwa nyumbani," akasema. "Hapa nimekuja kusikiliza. Mungu katoa mti, katoa na sikio. Nikiziba sikio halafu nimwite, nitakuwa namwita aje anifanyie kazi."

Nilimwona ni mtu wa imani haba. Nilikuwa nimebatizwa juzi juzi tu na nilikuwa na moto. Kifua kilipomzidi akarudi Runzewe, akaniachia kazi zake zote, na mimi nikajisemea kwamba sasa watu wataona tofauti.

Na waliiona. Duara la Baba Kulwa, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na subira kidogo, lilikuwa limekaa miezi mitatu bila kuonyesha hata rangi ya dhahabu. Akamleta mganga na kuku mweupe. Nusu ya wachimbaji walikuwa watu wa kanisani, wakagoma kushuka penye damu ya kuku. Ugomvi ukawa mkubwa, sururu zimeshikwa kwa namna ambayo siyo ya kuchimbia. Nikapanda juu ya rundo la magogo nikasema, acheni, mimi nitayaombea haya matimba. Nikaomba. Sijawahi kuomba vile. Nilitaja seti moja moja, nikaweka kiganja kwenye kila nguzo, jasho likanitoka, akina mama waliokuwa wanaponda mawe wakalia. Wiki ile ile mwamba ukatoa dhahabu.

Kuanzia hapo sikuwa fundi tu. Nikawa fundi wa matimba ya maombi. Watu walinifuata kutoka machimbo ya mbali, wakamkataa fundi wao mwenye shahada ya ufundi kutoka Mwanza. Wengine wanakuja na msumari, mimi nilikuja na mamlaka. Na bei nikaiongeza, kwa nini nisiiongeze.

Nyundo sikuiacha kwa siku moja. Mngenikuta nimeitupa mngenishika. Ilianza hivi: nagonga nguzo, boriti naiacha kwa sababu ni juu na bega linauma. Halafu nagonga nguzo ya kulia tu. Halafu msimu wa mvua kazi zikawa nyingi, maduara sita kwa mpigo, nikawa naweka kiganja na kuomba, basi. Kiganja ndicho watu walichokuja kukiona. Na msidhani nilikuwa tapeli. Niliamini. Nilidhani Mungu na mimi tumeshaelewana, mimi namtaja kwa sauti mbele za watu na yeye anashikilia upande wake.

Mtu mmoja tu hakunipa raha. Luhende, mchimbaji kutoka Nyasubi, mfupi, mwenye mdomo, hajabatizwa na hana haraka ya kubatizwa.

"Mwangaluka, Baba Suzana," atanisalimia kwa Kisukuma asubuhi. "Huyo Mungu wako leo kaamka vizuri?"

"Usimchezee Mungu, Luhende."

"Simchezei. Nauliza tu kama ameshawahi kula vumbi la huku chini, maana naona analetwa na wewe na wewe hukai."

Watu wanacheka. Mimi nacheka pia, kwa uchungu.

Asubuhi ya siku ile niliyoogopa, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na ilikuwa imekatika alfajiri. Udongo ulikuwa umelewa maji. Kwenye duara la Baba Kulwa wachimbaji watano walikuwa wamesimama wanasubiri, na mimi nilikuwa nimechelewa, nina duara lingine linanisubiri. Nikashuka haraka, nikaweka kiganja hapa na pale, nikapanda, nikaomba maombi marefu pale juu. Nilipomaliza, Luhende alikuwa ameshashika kamba. Hakutania. Aliniangalia tu.

"Sawa, umeomba. Umegonga?"

"Nimegonga," nikasema.

Amina ilikuwa bado haijapoa mdomoni. Akashuka.

Saa nne nilikuwa kwenye banda la mama lishe nakunywa chai. Sikusikia kishindo, kishindo kinabaki chini. Niliona chai ikitetemeka kikombeni. Nilijua kabla mtu hajapiga kelele, nikabaki nimekaa, nimeshika kikombe, na naona haya kuandika nilikaa muda gani. Nilipofika, wanne walikuwa wameshatoka, weupe kwa vumbi kama waliochovywa kwenye unga. Luhende hakuwepo.

"Ingia wewe, fundi," Baba Kulwa akaniambia. Kila mtu alirudi nyuma nusu hatua. "Wewe Mungu anakujua."

Nikashuka na nyundo, msumeno na magogo mawili yaliyofungwa kamba. Nilipokanyaga chini nikataka kuomba. Mdomo ukafunguka, na yakaja yale maneno yangu ya kila siku, yale ya kuuza, yakanigandia kwenye ulimi kama mafuta ya mbuzi yaliyopoa. Nikafunga mdomo. Nikagonga nguzo ya kwanza. Nzima. Ya pili, nzima. Ya seti ya nne ikajibu sauti ya gunia la pumba, na juu yake boriti imepinda, na juu ya boriti mlima wote.

Siwezi kuwaeleza hofu ile.  Nilikuwa natembea ndani ya uongo wangu mwenyewe, na kila hatua nilitakiwa kuugonga nisikie umeoza kiasi gani. Niliweka nguzo pembeni ya ile mbovu, nikakaza kabari, nikasogea. Seti ya saba, mbovu. Nikakaza. Zilizofuata baada yake hazikuwepo tena, palikuwa na kifusi mpaka juu, na nyuma ya kifusi jiwe lilikuwa linagongwa juu ya jiwe. Polepole. Mtu yu mzima.

"Luhende!"

Kugonga kukakoma. "Nani huyo?"

"Mimi. Baba Suzana."

"Aisee." Akakohoa. "Wamemtuma mwenyewe. Mguu siusikii, nkoyi. Nimeushika hapa na mikono yangu miwili, lakini siusikii."

Nkoyi ni rafiki kwa Kisukuma. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Tulia. Nakuja."

"Niombee basi. Leo sicheki."

Nikashika kifusi kwa mikono yote miwili. Mchanga ulikuwa unadondoka taratibu nyuma ya shingo yangu. Angeniomba chochote kingine ningempa.

"Luhende, sikugonga."

"Umesemaje?"

"Asubuhi, uliponiuliza. Sikugonga."

 Nilisikia pumzi yake tu, na mimi nilitamani atukane, atukane mama yangu na baba yangu, asinyamaze.

"Sasa hivi umeshika nini?" akauliza.

"Nyundo."

"Basi gonga, mjinga wewe! Kuomba tutaombea juu."

Nikagonga. Nilifanya kazi ile kama nilivyofundishwa na Mzee Simeoni, macho nimeyafumba, seti baada ya seti, kifusi kikipitishwa nyuma kwa ndoo na magogo yakiletwa mbele na wale wanne ambao baadaye walipata moyo wakanifuata. Saa kumi na moja jioni nilimshika Luhende mkono. Tulipomtoa, mwanga wa jua ulikuwa bado upo, na watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Akina mama wakapiga vigelegele. "Mungu wa Baba Suzana!" wakaimba. "Mungu wa Baba Suzana!" Wakanibeba. Nami nilikuwa na sauti, sikuwa bubu, ningeweza kusema. Nikabebwa.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Nilienda kumwona. Alikuwa amelala, wauguzi wakaniambia anaendelea vizuri, ndugu zake wakanishukuru kwa kunishika mikono yote miwili. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba sikugonga. Nilirudi nyumbani nikitamani angekuwa amesema.

Siku tatu zikapita. Mke wangu, Mama Suzana, siyo mtu wa maneno mengi. Siku ya tatu aliweka ugali mezani, akabaki amesimama.

"Watoto wameniuliza mbona siku hizi tunakula kama kuku."

"Kivipi?"

"Tunadonoa tu. Hakuna anayeomba."

Nikamwambia yote. Akakaa chini. Hakulia wala hakunilaumu.

"Mchungaji alipita leo," akasema. "Anataka Jumapili utoe ushuhuda wa muujiza."

"Sitakwenda."

"Unawaogopa watu?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana nilitaka kusema kweli angalau jikoni kwangu. Watu sikuwaogopa. Niliogopa kufumba macho. Kila nilipoyafumba niombe, niliona kama kuna mtu amesimama karibu yangu ameinamisha kichwa, ananisikiliza kama mzee wangu alivyosikiliza mti, na amenyanyua nyundo. Na nilijua nitatoa sauti gani. Miaka yote ile nilikuwa namsimulia Mungu kwa watu kama mtu wangu wa karibu, anayenibebea mzigo. Haikunijia hata siku moja kwamba naye anagonga.

"Basi nenda," Mama Suzana akasema. "Ukibaki hapa utaoza."

Jumapili kanisa la mabati lilijaa mpaka nje. Walikuja wachimbaji ambao mara ya mwisho kuingia kanisani walibebwa mgongoni. Mchungaji akanitaja, kwaya ikaimba, nikasimama mbele. Na mimi nilivyo, nikaanza kwa mazoea: nikaanza kuwaeleza miaka yangu, maduara yangu, na mikono hii. Nikamwona Mama Suzana kwenye benchi la pili ameinamisha uso. Nikasimama katikati ya sentensi.

"Hakuna muujiza," nikasema. "Matimba yale sikuyagonga. Luhende aliniuliza nikamwambia nimegonga. Muda mrefu sasa sigongi. Naomba tu."

Nilitegemea kelele. Nilisikia mabati tu yakilia kwa jua. Halafu akasimama muuza maandazi, Mama Neema, mtoto mgongoni.

"Baba Suzana. Mume wangu yuko chini sasa hivi. Hawakupumzika leo. Duara la kwa Masunga, lile la karibu na barabara. Lile uligonga?"

"Sijui, Mama Neema."

"Hujui?"

"Sikumbuki kama niligonga."

Akatoka mbio. Hakupita mlangoni kwa adabu, alipita kama moto umeshika nyuma yake, na mwingine akamfuata, na mwingine, benchi zikaanguka, kwaya ikaruka jukwaa na majoho yao, mpaka mchungaji akakunja joho lake akakimbia. Kila mtu alikuwa na mtu chini ya mbao zangu. Nilibaki mimi na ngoma. Halafu na mimi nikakimbia.

Hakuna aliyeshuka kuchimba siku nne. Nilishuka mimi. Maduara sita, seti mia mbili na nane, nguzo, nguzo, boriti. Juu, watu walikaa kimya kuzunguka mdomo wa duara wakisikiliza nyundo yangu, na kila iliponyamaza niliwasikia wakishusha pumzi. Seti kumi na moja zilikuwa zimeoza. Moja, kwenye duara la kwa Masunga, niliingiza kidole ndani ya nguzo kikaingia mpaka pingili ya pili. Ilikuwa imesimama miezi minane. Watu walikuwa wanakaa chini yake kula ugali wa mchana, wameegemea.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikashindwa kunyanyuka. Ile iliyoanguka niliielewa, mti umeoza, mlima umeshuka, hesabu ya darasa la nne. Lakini hii? Mti ambao nguvu yake haiwezi kubeba kuku, umebeba mlima miezi minane, na mimi niko juu napokea pesa na kusifiwa. Kitu gani kilikuwa kinashikilia? Niliwahi kumwogopa Mungu kwa sababu ya adhabu, kama kila mtu. Ile ilikuwa hofu ya kawaida. Ya pale chini ilikuwa nyingine: kwamba alikuwa ameshikilia kimya kimya, bila kunidai, huku nikimtangaza kwa bei. Mpaka leo sijui nimweleweje. Ningependa kuwaambia vijana kwamba niliona mwanga. Niliona nguzo iliyooza na tundu la kidole changu.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, na wazee walikaa kikao. Nilihukumiwa kulipa siku nne ambazo watu hawakuchimba, magogo mapya ya seti zote kumi na moja, na gharama za hospitali za Luhende pamoja na mguu wa bandia. Hakuna aliyesema ni nyingi, hata mimi. Nikauza kiwanja na fahali wawili.

Kazi waliniachia. Hilo lilinishangaza kuliko faini. Walisema fundi aliyeogopa ni bora kuliko mwingine ambaye hawamjui. Nikafanya miaka mingine saba, nikigonga kila asubuhi mpaka watu wakaniona kichaa, na hakuna aliyekufa chini ya seti zangu. Sijisifu. Haya, najisifu, lakini kidogo.

Luhende nilimkuta kwake, amekaa mlangoni anashona magunia ya wachimbaji, mguu mpya ameuvalisha soksi na kiatu kama wa bwana harusi. Nilimwekea fedha ya mwisho mkekani. Akahesabu polepole, akanirudishia macho.

"Bado unaomba?"

"Naomba."

"Kwa sauti?"

"Hapana. Nikiwa nyumbani."

"Afadhali." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nami kule chini niliomba, usimwambie mtu. Sijui hata nilimwita nani. Ila hii hesabu haijatimia, Baba Suzana. Tochi yangu imebaki kwenye kifusi."

"Ilikuwa ya shilingi ngapi?"

"Elfu moja na mia nane. Ilikuwa mpya."

Nikatoa hela hiyo mfukoni nikamwekea juu ya nyingine. Ukijumlisha yote, ule uongo umenigharimu shilingi milioni nne, laki tatu, elfu ishirini na tisa na mia nane.